Nyumba Isiyotoa Moshi

Jumapili, 14 Novemba 1976. Mpanda.

Leo nimeuza kitanda. Kitanda cha mninga, alichokichonga marehemu mume wangu Bartolomeo kwa mikono yake, alipokuwa bado na nguvu za kufanya kazi kwenye gengi la reli. Wanaume wawili wamekibeba kwenye mvua ya kwanza, miguu juu kama mbuzi wa kuchinjwa, na majirani wamejipanga milangoni kuangalia. Nikawauliza, "Mnaangalia nini nyie, hamjawahi kuona kitanda?" Wakarudi ndani.

Naandika ili baadaye nisije nikajidanganya. Mimi Josefina, mjane, sina mtoto, nina cherehani ya mkono na akili zangu timamu. Miaka yote niliyokaa Mpanda nimesikia treni ikipiga honi, na sijaipanda hata siku moja. Bartolomeo alikuwa akisema, "Mwaka kesho, mama, nitakupeleka Tabora." Akatengeneza reli ya kupitisha watu wengine mpaka kifua kikamshinda. Mwaka kesho wake ukawa wa kaburi.

Sasa nimeamua. Mvua zikiisha, mwezi wa tano, napanda treni mimi na cherehani yangu. Nishuke Kaliua, nishone mpaka nichoke na sura za watu wa Kaliua. Nipande tena, nishuke Urambo, Tabora, halafu Mwanza nikaone ziwa, na hata bahari Mungu akinipa pumzi. Mtu mwenye cherehani hafi njaa popote penye watoto wa shule. Kinachonifunga hapa ni gharama tu: nyumba, kitanda, mkaa, shamba, leseni, sukari, watu. Nitavikata kimoja kimoja mpaka nibaki na kile ninachoweza kujitwika.

Jumatano, 17 Novemba.

Mvua. Nimelala chini kwenye mkeka. Mgongo unalalamika lakini mgongo si mfalme.

Alhamisi, 25 Novemba.

Nimehama nyumba ya bati, nimehamia jikoni. Ni kile kijumba cha udongo nyuma ya nyumba yenyewe, kina mlango wa mabanzi na masizi mpaka kwenye paa. Mwenye nyumba amecheka mpaka akakohoa. "Mama Cherehani, jiko ni la kupikia!" Nikamwambia vizuri, na mimi nitaiva humo humo. Kodi imeshuka, na yeye amepata wapangaji wengine wa kule mbele, kwa hiyo kila mtu amefurahi.

Shamba la bondeni nimemrudishia mwenyewe kabla sijapanda hata punje. Leseni ya kushonea ikifika Desemba mwisho siikati tena. Ya nini, na mimi ni wa kuondoka?

Mchana alikuja Mama Natalia, mke wa Mzee Telesphor, balozi wetu wa nyumba kumi. Aliingia akiwa ameinama, akasimama katikati ya jiko akitafuta pa kukaa.

"Dada Josefina, niambie ukweli. Umerogwa?"

"Nimepona," nikamwambia. "Mliorogwa ni nyie mnaolima kila mwaka mle mzidi kulima."

"Haya. Lakini mtu ni watu, dada yangu."

"Mtu ni miguu, Mama Natalia. Ukitaka kujua, kaa bila miguu siku moja."

Aliondoka amenuna. Niliona raha, sitasema uongo.

Alhamisi, 2 Desemba.

Uyoga umeota porini, mwingi, wa bure. Nimekula uyoga. Nimekula uyoga jana pia.

Jumatano, 8 Desemba.

Amekuja Gaudiose, yule dada mkimbizi kutoka makazi ya Warundi kule upande wa Litapunga. Mwaka jana nilimfundisha kushona vifungo, na mwaka huu nilimwomba aje tusaidiane sare za shule. Mwenye duka sokoni amenipa majora mawili ya kaki na moja la bluu, na shule zinafunguliwa katikati ya Januari. Nikimaliza kazi hii, safari yangu imekwisha iva.

Amekuja na maharage, makopa ya muhogo na kibali chake kimekunjwa chini kabisa ya kikapu. Bila kibali mkimbizi hatoki kwenye makazi, na akitoka arudi tarehe iliyoandikwa. Mtoto wake Anicet, wa miaka minne, amemwachia mama mkwe. Mume alipotea vita vya mwaka sabini na mbili, na mtoto akazaliwa njiani wakikimbia.

Alipoona ninapoishi alitua kikapu, akagusa mafiga yaliyopoa. Tulipokuwa tunakula viazi baridi nilivyochemsha juzi, akauliza, "Dada, hivi unafanya makusudi?"

"Hivi nini?"

"Hivi. Kulala chini, kula baridi, moto hakuna."

Nikamweleza yote, treni, Tabora, Mwanza, ziwa. Alisikiliza kwa adabu, ameshika kiazi mkononi.

"Sisi tulipokimbia tulikuwa hivi hivi," akasema. "Hatuna kitanda, hatuna jiko, hakuna mtu anatujua. Sikujua kuna watu wanaoyatafuta maisha haya kwa hiari."

Alisema bila ubaya, lakini nilikasirika. Nikamwambia, wewe ulifukuzwa, mimi naondoka, ni vitu viwili. Akaitika, "Ego, dada," ambayo kwao ni ndiyo, na akaendelea kumenya.

Jumatatu, 13 Desemba.

Mzee Telesphor amekuja asubuhi, mvua inanyesha, mwavuli wake mbavu tatu zimevunjika. Akagonga. Nilipofungua alivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

"Uko hai," akasema.

"Ulitaka niwe nimekufa?"

Kumbe kila asubuhi mzee huyu husimama mlangoni kwake akihesabu moshi. Nyumba kumi, moshi kumi, ndipo anakwenda kunywa uji wake. Nyumba isipotoa moshi anajua kuna ugonjwa au kifo, anakuja kuangalia. Alianza kazi hiyo kabla hata hajaambiwa ni balozi. Jumamosi alikuja tukiwa porini kwenye uyoga, akarudi na wasiwasi. Leo amekuja tena.

"Nimeacha kuwasha moto asubuhi," nikamweleza. "Mkaa ni gharama. Napika mara moja kwa siku mbili tatu, basi."

Akaangalia mafiga yangu, niliyoyageuza kiti na meza. "Jiko lisilo na moto," akasema polepole, kama anajaribu kulitamka kwa mara ya kwanza. "Sasa mimi nitajuaje kama umeamka?"

"Usijue, mzee. Nimekusamehe kazi hiyo."

Gaudiose aliniangalia vibaya. Mzee akasema haya, mama, akaenda zake, na viatu vyake vya mpira vikipiga tope.

Jumapili, 19 Desemba.

Amefariki mzee Yohani, fundi baiskeli wa nyumba ya nne. Kawaida yetu kila nyumba inatoa unga, mzigo wa kuni, na mwanamke mmoja wa kulala msibani mpaka watu watawanyike. Mama Natalia amekuja na kapu lake la kukusanyia unga.

Nilikuwa nimeshalifikiria jambo hili. Misiba ya Mpanda haiishi, hasa kwenye mvua, homa inabeba wazee na watoto. Nikianza kutoa, nitatoa mpaka mwezi wa tano na cherehani yangu nitaiweka kwenye kapu.

"Mimi simo," nikamwambia. "Mwezi wa tano sipo hapa. Nizikane na nani?"

Mama Natalia alinitazama kama hajanisikia. "Josefina. Bartolomeo alipokufa, nani alichimba?"

"Nyie. Asanteni. Nililipa kwa misiba yote niliyokwenda tangu siku hiyo."

"Ala! Msiba unalipwa? Na wewe utazikwa na nani?"

"Nitazikwa nitakapoangukia. Msafiri kafiri, Mama Natalia, hukusikia?"

Aligeuza kapu upande wa pili wa kiuno, akaenda nyumba inayofuata. Gaudiose akainuka, akachukua makopa yake mwenyewe aliyokuja nayo, akayatwanga, akapeleka unga. Alikaa huko mpaka jioni na watu asiowajua. Aliporudi nikamwambia amenitia aibu. Akasema, "Oya, dada," ambayo kwao ni hapana. "Nimeifunika aibu yako." Akatandika kanga yake, akalala.

Jumamosi, 25 Desemba.

Krismasi. Watu wanapelekeana sahani zilizofunikwa vitambaa. Nimezihesabu zikipita mbele ya mlango wangu kama treni. Hakuna iliyosimama.

Jumatatu, 3 Januari 1977.

Kibali cha Gaudiose kinaisha leo. Mashati yamekwisha nusu, kaptura bado. Amefunga kikapu, amesimama mlangoni.

Nimemwambia akae. Nimemwambia kwa upole kwanza, halafu kwa ukali. Peke yangu siwezi kumaliza kabla ya shule, na nisipomaliza, mwenye duka halipi hata nusu, na nisipolipwa sipandi treni. Nikamwambia nani atakuuliza kibali humu jikoni, hata balozi alikuona na hakuuliza kitu. Nikamwambia utarudi na pesa ya kumnunulia Anicet shuka na viatu.

Alirudi ndani. Akafungua kikapu, akatoa kanga yake, akaitandika tena pale pale.

Jumapili, 9 Januari.

Mvua usiku na mchana. Masizi yanavuja na maji, yanadondokea kaki. Tumetandika magunia juu ya kitambaa, sisi wenyewe tumelowa.

Ijumaa, 14 Januari.

Saa nne amekuja mtu kutoka makazi, anauza tumbaku, amevuka mto kwa shida. Amemwambia Gaudiose kwa Kirundi, haraka haraka, na mimi nikaona uso wake ukibadilika. Anicet anaumwa. Homa, na jana amestuka-stuka akageuza macho.

Gaudiose akaweka sindano chini. "Naenda."

Nilikuwa naunga kola, zimebaki tatu. Tatu tu! Na pindo za kaptura, na vifungo. Nikamwambia, "Homa za watoto zinapita, dada. Njia imejaa maji, utafika usiku, na utafika mikono mitupu. Kesho tunapeleka mzigo, tunalipwa, unaondoka na dawa mkononi. Siku moja."

"Siku moja," akarudia.

"Moja."

Akachukua sindano. Ameshona mpaka jioni bila kuinua kichwa, na vifungo vyake vimenyooka kuliko vyangu.

Jumatano, 2 Februari. Kijiji kipya, ng'ambo ya Litapunga.

Leo ndiyo nimepata kalamu, ya mwalimu wa hapa. Daftari lilikuwa limefungwa kiunoni ndani ya kanga, halikuonekana. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Walikuja Jumamosi ile, tarehe kumi na tano, asubuhi, mvua nyembamba inanyesha. Mgambo wanne na bwana mmoja mwenye koti la mvua. Ni operesheni ya wazururaji: kila mtu afanye kazi, asiye na kazi mjini apelekwe kijijini akalime. Tulikuwa tumeisikia redioni kwa wapangaji wa mbele, nikadhani ni maneno ya Dar es Salaam. Walianzia kwa mabalozi, kila balozi aseme watu wake. Mzee Telesphor alitangulia na mwavuli wake mbovu. Nilimsikia nyumba kwa nyumba: hapa ni fulani, shamba lake liko bondeni. Hapa ni fulani, yuko ushirika. Alipofika kwa wapangaji wa nyumba ya bati akawataja, akageuka kwenda zake.

"Na huko nyuma?" mgambo mmoja akauliza.

"Huko ni jiko."

"Lina mtu?"

Mzee aliangalia paa. "Hakutoki moshi," akasema.

Mpaka leo naamini alitaka kunificha. Alisema kitu ambacho si uongo, maskini, mtu wa kanisani. Lakini mgambo alisukuma mlango kwa mguu, akanikuta nimekaa juu ya figa na mashati mapajani. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana sasa nilikuwa mtu aliyejificha na yeye alikuwa mzee aliyedanganya.

"Mzee, ulisema hakuna mtu!"

Mzee aliushika mwavuli kwa mikono miwili. "Nyumba zangu nazijua kwa moshi," akasema. "Huyu hapiki. Halimi. Hazikani na watu. Mimi nitasemaje namjua?"

Bwana wa koti akawageukia wanawake waliokusanyika. "Nani anamjua huyu?" Wote walikuwepo. Nimewashonea wote, Mama Natalia nimemshonea gauni la kipaimara cha mwanawe. Wakaangalia miguu yao. Mwisho Mama Natalia akasema, "Alikuwa Mama Cherehani. Sasa hivi hatujui ni nani." Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Leseni? Imeisha. Shamba? Nimerudisha. Mume? Amekufa. "Sasa hapa unafanya nini?"

Nikasema ukweli, mpumbavu mimi. "Nasubiri treni."

"Unakwenda wapi?"

"Popote."

Mgambo walicheka kweli kweli. Bwana akaandika. Nikamwona anaandika mzururaji, nikapiga kelele, "Mimi si mzururaji, mimi ni msafiri!" Akanijibu taratibu, kama mwalimu, "Mama, msafiri ana anakokwenda na ana anakotoka. Wewe unatoka wapi?" Niliwaangalia wale wanawake.

Gaudiose alikuwa ametoka kisimani, ndoo kichwani, tayari kikapu chake kilikuwa kimefungwa, alikuwa anangoja tu nipeleke mzigo aondoke kwa mtoto wake. Alikuwa kwenye uchochoro. Nilimwona, na yeye akaniona. Angeweza kupita moja kwa moja na ndoo yake kama mwanamke yeyote. Nilimwomba Mungu apite. Hapana, nasema uongo. Nilimwomba Mungu asimame.

Akatua ndoo. "Mimi namjua," akasema. "Huyu ni fundi. Ni dada yangu. Hayo mashati ni ya watoto wa shule, muulizeni mwenye duka."

"Na wewe ni nani?" Kiswahili chake kilimtaja kabla hajajitaja. "Kibali?"

Akakitoa. Kilikuwa kimepita tarehe.

Tuliwekwa mahabusu, chumba kimoja cha wanawake. Mimi na wenzangu wa operesheni tulipakiwa kwenye lori baada ya siku chache. Yeye alibaki, kesi ya wakimbizi ni nyingine. Kila askari aliyepita, Gaudiose alimwambia maneno yale yale, "Mwanangu anaumwa, afande." Mimi hakuniambia neno. Nilipoitwa kwenda kwenye lori nilimshika mkono. Aliuacha nikaushika, lakini yeye hakushika.

Jumapili, 6 Februari.

Jana Chama kipya kimezaliwa. Mwenyekiti wa kijiji ametueleza, tumeimba, tumepiga makofi, mvua ikatunyeshea tukiimba. Nimepewa jembe na nusu ya kibanda cha nyasi. Nusu nyingine ni ya Christina, aliyekuwa anauza pombe karibu na stesheni. Analia usiku, halafu asubuhi ananichekesha.

Jumapili, 20 Februari.

Nimelima, nimepalilia. Viganja vimetoka malengelenge, yamepasuka, yametoka mengine. Kuhusu cherehani, wameniambia ipo imehifadhiwa, nilete uthibitisho kwamba ni yangu, mtu wa kunitambua. Nikauliza mtu gani. Wakasema yeyote wa kule nilikotoka.

Kila asubuhi nawasha moto. Siku ambayo hakuna cha kupika nachoma majani mabichi ili moshi uonekane kutoka kwa mwenyekiti. Christina anasema nina kichaa, kibanda kizima kinatutoa machozi. Namwambia vumilia.

Alhamisi, 10 Machi.

Leo wamepita wanawake wa makazi wanauza maharage. Nikamuuliza mmoja habari za Gaudiose. Akasema, "Yupi? Yule aliyefungwa kwa ajili ya mama wa cherehani?"

Nikasema huyo huyo. Sikusema zaidi.

Anicet alifariki mama yake akiwa bado ndani. Bibi yake alimpeleka zahanati mgongoni, mvua ile, na alipofika alikuwa amebeba mwili. Wamemzika majirani. Gaudiose alitolewa akakuta kaburi limeshaanza kuota majani.

Mama yule akanipimia maharage, akaniuliza mbona nalia, namjua mtoto? Nikasema hapana. Ni kweli, sikumjua. Kola tatu. Nilimzuia kwa kola tatu na pindo za kaptura ambazo hazikupelekwa hata sokoni. Nimekaa chini kwenye matuta mpaka mwenyekiti akaja kuniuliza kama naumwa. Ee Mungu, laiti ningekuwa naumwa.

Jumapili, 27 Machi.

Nimeomba ruhusa ya kwenda makazi. Baada ya Pasaka wanamaliza kilio cha mtoto, watu watakusanyika. Kutoka kijijini lazima mwenyekiti akubali.

"Marehemu ni nani kwako?"

"Mtoto wa rafiki yangu."

"Rafiki si ndugu, mama. Mvua hii kila mkono unahitajika shambani."

Sikubishana. Nimeanza kuweka unga. Kila siku tunapopika natoa konzi moja naficha kwenye kifuko. Christina ameona, akafikiri nataka kutoroka. Nikamwambia ni wa msiba. Na yeye akaanza kutoa konzi yake, bila kuuliza wa nani.

Jumatatu, 18 Aprili.

Nimekwenda jana, nimerudi leo. Naandika nikiwa nimechoka lakini nataka kuandika.

Niliondoka bila ruhusa kabla ya mwanga, unga kichwani. Mito imepungua, mmoja tu ulinifika kifuani. Ilikuwa safari yangu ya kwanza tangu nizaliwe niliyoipanga mwenyewe, nikijua nakwenda wapi na kwa nani. Njiani nilikuwa natayarisha maneno. Nilikuwa na mengi.

Nilifika mchana. Watu walikuwa wengi, wanaume wamekaa na mtungi wa pombe katikati, wanawake wanapika nyuma kwenye moto mkubwa. Nikaenda kwa wanawake, nikapiga magoti, nikautua unga kwenye kapu walilokuwa wanakusanyia. Wakaniitikia vizuri tu. Halafu bibi mmoja mwenye mvi, nadhani ndiye mama mkwe, akaniangalia juu mpaka chini, akauliza, "Uyu ni nde?" Hilo hata asiyejua Kirundi angelielewa: huyu ni nani?

Wakamwangalia Gaudiose. Alikuwa amekaa mkekani, amenyolewa kichwa. Amekonda mno. Nikasema, "Gaudiose. Dada yangu. Ni mimi."

Aliniangalia, macho yake hayana ugomvi. Nilidhani atalia, au atanitukana, na nilikuwa tayari kwa yote mawili. Nilitaka anitukane. Akamgeukia bibi, na akasema kwa Kiswahili, polepole, ili na mimi nisikie kila neno.

"Ni mpita njia, mama. Mpeni maji, aendelee na safari yake. Na unga wake mrudishieni, atauhitaji huko mbele."

Msichana mmoja akaniletea maji kwenye kikombe cha bati. Nikapokea kwa mikono miwili, nikanywa yote. Wakanirudishia kifuko changu, wamekifunga vizuri kuliko nilivyokifunga mimi. Nikajitwika, nikaaga, nikashika njia, na hakuna aliyenisindikiza.